Chuku Isiyojibiwa: Tangazo la Biashara na Uzuri wa Mitaa ya Eastlands

Imekuwa desturi, katika semina na madarasa ya Kiswahili ya vyuo vyetu vikuu, kusikia ikidaiwa kwamba tangazo la biashara ndiyo fasihi simulizi ya mjini. Hoja hiyo hutolewa kwa kujiamini, nayo huwavutia sana wanafunzi. Inasemwa kwamba mabango yaliyopangwa kando ya Jogoo Road, sauti za redio zinazohanikiza ndani ya matatu za Buruburu, na ujumbe wa simu unaomshawishi mkazi wa Kayole akope kabla hajainuka kitandani, vyote hivyo ni warithi halali wa majigambo, methali na mchongoano. Inasemwa tena kwamba, kwa kuwa tangazo limekubali kusema Sheng, basi lugha ya wanyonge imeshinda, na kazi ya mhakiki ni kuushangilia ushindi huo.

Makala haya yanakusudia kuipinga hoja hiyo bila ya kumung'unya maneno. Tunashikilia kwamba tangazo si mrithi wa fasihi ya Eastlands. Ni mpangaji aliyehamia nyumbani mwake, akabadilisha kufuli, kisha akaanza kumtoza mwenye nyumba kodi. Tunashikilia pia kwamba hasara kubwa inayoletwa na mbwembwe za biashara si fedha peke yake. Ni kule kumfanya mtu auone uzuri wa maisha kuwa jambo lililo mbele yake daima, upande wa pili wa ununuzi ujao, ilhali uzuri wenyewe umeketi naye barazani.

Chuku na haki ya kujibu

Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba tangazo hutumia chuku. Sabuni moja huondoa madoa yote. Simu moja huunganisha dunia nzima. Kinywaji kimoja humgeuza mpweke akawa kipenzi cha watu. Watetezi wa tangazo huuliza: je, mchongoano nao si chuku? Je, majigambo si kutia chumvi? Swali hili ni la haki, nalo linahitaji jibu la kifani, si la kimaadili tu.

Mchongoano, kama anavyoujua yeyote aliyekulia Jericho, Makadara, Umoja au Dandora, hauwezi kufanywa na mtu mmoja. Huhitaji watu wawili walio ana kwa ana, na kundi la wasikilizaji ambalo ndilo hakimu. Muundo wake ni mwepesi kuueleza. Msemaji hutaja kasoro ya kubuni ya mpinzani wake, au ya nyumba ya kina mpinzani huyo, kisha huiunganisha kwa neno "mpaka" na tokeo lisilowezekana. Umahiri wote umo katika hilo "mpaka", kwani hapo ndipo msikilizaji anapopima kama daraja lililojengwa kutoka jambo la kawaida hadi jambo la muhali limeshika au limevunjika. Kila aliyepo anajua kwamba linalosemwa si kweli, hakuna anayedanganywa. Aidha, aliyetupiwa neno hana budi kulijibu, na jibu lake lisipokuwa bora atachekwa. Kwa hiyo chuku ya mchongoano ina mipaka mitatu: mpinzani aliyepo, hadhira inayohukumu, na zamu inayobadilika.

Majigambo nayo yana mipaka yake. Mtu hujisifu mbele ya watu wanaomjua. Aliyejigamba kwa ushujaa alisikilizwa na waliokuwa pamoja naye siku ya hatari, na kama hakuwa na tendo la kuyaunga mkono maneno yake, kicheko cha hadhira kilitosha kumrudisha kitini.

Wako watakaosema kwamba tunaichukia biashara. La hasha. Tuitazame leso. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla, hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa walioanza kutia maneno ya Kiswahili katika leso mwanzoni mwa karne ya 20. Hakufanya hivyo kwa sadaka, alitaka kuuza. Lakini leso ikishanunuliwa, maneno yake hayabaki kuwa ya mwuzaji. Mwanamke wa Majengo, Pumwani, akiivaa siku ya arusi, au akipita nayo mbele ya mlango wa jirani aliyekosana naye, maneno yale yamekuwa kauli yake yeye. Na jirani ana haki ya kwenda dukani kutafuta leso ya kumjibu. Hii ndiyo tofauti ambayo wahakiki wa tangazo hawajaitia maanani. Leso humwuzia mnunuzi maneno ya kusemea. Tangazo huyachukua maneno ya mnunuzi, kisha humwuzia kitu kwa maneno hayo hayo.

Bango la Jogoo Road halina zamu. Mkazi wa Maringo au wa Mbotela anayelitazama akiwa kituoni hawezi kulichongoa likasikia. Ni kweli kwamba watu hulidhihaki. Makondakta huyapindua maneno yake, watoto huyaimba kwa kuyaharibu, na dhihaka hizo mara nyingi ni bora kuliko tangazo lenyewe. Lakini hizo ndizo hasa ambazo wahakiki wetu hawazikusanyi. Wanachambua bango, wanakisahau kicheko kilicho chini ya bango. Kama iko fasihi katika kadhia hii nzima, basi iko katika kicheko hicho.

Maneno yaliyokodishwa

Mfano ulio wazi kuliko yote unapatikana katika simu zilizomo mifukoni mwetu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007, huduma za fedha kwa simu zimewafaa watu wengi wa Eastlands, hasa wale wanaowatumia wazazi wao fedha nyumbani, na ingekuwa ukaidi kulikana hilo. Linalotuhusu sisi kama wanafasihi ni majina ya huduma zilizofuata. Mkopo wa muda wa maongezi uliitwa Okoa Jahazi. Huduma ya akiba na mikopo iliyoanza mwezi Novemba 2012 iliitwa M-Shwari. Mkopo unaojitokeza fedha zinapomwishia mtu katikati ya malipo, ulioanza Januari 2019, uliitwa Fuliza.

Hapana shaka kwamba aliyeyachagua majina haya anakijua Kiswahili vizuri. Ndiyo sababu inatupasa kuyasoma kwa makini zaidi. Katika fikra ya watu wa pwani, jahazi halikuwa chombo cha mtu mmoja. Lilikuwa na nahodha, mabaharia, abiria na shehena, na tufani ilipochachamaa kila mkono ulishika kamba au uliyatoa maji chomboni. Kuokoa jahazi kulikuwa tendo la pamoja. Katika mkopo huu jahazi limebaki na baharia mmoja, naye hutozwa ada ya asilimia 10 kwa kuokolewa. Shwari nalo lilikuwa jina la utulivu ambao binadamu hawezi kuuamuru, anaoungoja na kuushukuru. Sasa ni jina la akaunti. Kuhusu fuliza, kamusi hulieleza kuwa ni kutenda jambo mfululizo bila ya kupumzika. Hapo kamusi imesema kweli kuliko tangazo.

Neno jingine lililoingia katika orodha hii ni mkeka. Mkeka ulikuwa kitu cha kutandikwa ili watu wakae pamoja: wageni, waombolezaji, watoto wanaosoma. Tangu kampuni za kamari ya michezo zilipoenea nchini katika miaka ya 2010, SportPesa ikiwa imeanza mwaka 2014, mkeka umekuwa jina la karatasi ya kubashiri matokeo ya mechi, nao "huchanika" timu moja iliyo mbali ikifungwa bao la dakika za mwisho. Jina hili halikutungwa na kampuni. Lilitungwa na vijana wenyewe, nalo lina ucheshi wa uchungu unaostahili kuhakikiwa. Lakini tuangalie lilikotupeleka. Kijana aliyekuwa akisimama kando ya uwanja wa Camp Toyoyo, Jericho, akimhukumu mchezaji anayemjua kwa jina la mamake, leo huenda akaupita uwanja huo bila ya kugeuza shingo, kwa kuwa mechi anayoingojea iko Uingereza na haikusudii kumfurahisha. Mchezo umeacha kuwa kitu cha kutazamwa, ukawa hesabu ya kungojewa.

Tulinganishe mikopo hii na daftari la mwenye kibanda. Nalo ni deni, na halina huruma nyingi. Lakini mwenye kibanda anayebandika ukutani maneno ya kukataa mkopo leo na kumwalika mteja aje kesho amepiga chuku, na mteja anayerudi kesho yake akiudai mkopo wake "ulioahidiwa" amemjibu. Watu hao wawili wataonana tena jioni kwenye bomba la maji. Kampuni za mikopo ya simu hazikuonana na mtu. Baadhi yao zilifikia kuwapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha, na malalamiko yalipozidi, mwaka 2021 sheria ya Benki Kuu ya Kenya ilirekebishwa ili watoaji wa mikopo hiyo wawe na leseni na wadhibitiwe. Ilibidi sheria itungwe ili mdaiwa apate mahali pa kujibia.

Uzuri uliojengwa kwa kujibizana

Tumesema kwamba kuna uzuri unaofunikwa na mbwembwe hizi. Ni wajibu wetu kuutaja, la sivyo tutakuwa tumefanya kama tangazo, tukiahidi bila ya kuonyesha.

Mitaa ya zamani ya Eastlands haikujengwa ili mtu aipende. Muthurwa na Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Reli. Mingine ilijengwa na serikali ya mji ya kikoloni kwa ajili ya Waafrika ambao hawakutazamiwa kukaa mjini maisha yao yote. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilipata bahati ya kuwa na nyumba za chini zilizozunguka viwanja vya pamoja, na ukumbi wa jamii katikati. Wakazi na wanasiasa waliokutana ukumbini humo kujadili mambo ya nchi waliupachika jina la House of Commons. Msomaji na alitazame jina hilo. Ni mchongoano uliotupiwa dola nzima. Mtawala alitoa ukumbi ili watu watulie. Wao walilitwaa jina la bunge lake, wakaliweka juu ya mlango wa ukumbi huo, kisha wakaketi na kujadili namna ya kumwondoa.

Dandora nayo, iliyoanzishwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilitolewa kama viwanja vyenye choo na maji, na mwenye kiwanja akatakiwa kujijengea vyumba vilivyobaki. Sehemu kubwa ya mtaa huo, kwa hiyo, ni jibu la wakazi kwa ramani ya wataalamu. Kutoka katika mtaa huo, mwishoni mwa miaka ya 1990, kundi la Kalamashaka lilitoa wimbo "Tafsiri Hii". Hatuna haja ya kuyanukuu maneno yake. Jina lake linatosha kwa hoja yetu. Ni amri kwa msikilizaji. Humtaka afanye kazi, ajibu, avuke kutoka lugha yake hadi lugha ya Dandora. Mwaka 2004 wasanii wa Ukoo Flani na wenzao wa Eastlands walitoa albamu kwa jina la Kilio cha Haki, ambalo wanafunzi wetu wanalifahamu kama jina la tamthilia ya Alamin Mazrui ya mwaka 1981. Mhakiki angeweza kuutumia muhula mzima akiyafikiria majina hayo mawili yanayoitikiana. Badala yake tunawapa wanafunzi bango la soda walichambue.

Hata matatu, ambayo watetezi wa mbwembwe huitumia kama hoja yao kuu, huthibitisha tunayoyasema. Kanuni za mwaka 2004 zilipolazimisha mstari wa manjano na kufuta michoro, mafundi hawakuisahau kazi yao, na michoro iliporuhusiwa tena miaka kumi hivi baadaye, ustadi ulirudi ukiwa umekomaa. Mkono wa fundi anayechora uso wa binadamu juu ya bati lililokunjika ni mkono wa msanii, na anayeukana ustadi huo hana macho. Lakini ni nyuso za nani zinazochorwa? Mara nyingi ni za wanamuziki wa Marekani na wachezaji wa Ulaya. Abiria wanazitazama nyuso hizo wakielekea Umoja au Dandora, wakimshangaa asiyewajua, ilhali aliyewachorea anaishi mtaa wa pili. Mbwembwe haziui ustadi. Huugeuzia uso upande mwingine.

Yako pia mambo madogo ambayo hayana jina katika uhakiki wetu. Kuna mikutano ya matanga, usiku baada ya usiku, ambapo majirani wa makabila mbalimbali huchanga fedha za kumsafirisha marehemu, na mwenye kuendesha mchango huo huwa mlumbi wa daraja ya juu, ajuaye kumtania bahili bila ya kumvunjia heshima mfiwa. Kuna macho ya mama wa Gikomba anayepekua rundo la mitumba, akaichomoa nguo moja kati ya mia kwa kuigusa tu. Huyo ni mhakiki. Anautambua ushonaji mwema kwa vidole, tena juu ya kitu ambacho ulaji wa nchi tajiri umekwisha kukitupa. Ujumi wa Eastlands umejengwa juu ya tendo hilo: kukipokea kilichotolewa na mwingine, ukumbi, kiwanja, nguo, lugha, na kukijibu.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba tunawahubiria maskini waridhike. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa fasihi yetu imewahi kulielekea kosa hilo. Shaaban Robert, katika Utubora Mkulima, alimpeleka mhusika wake shambani ili aipate raha, na wengi wamesoma humo kwamba mjini hapana wema wa kutafutwa. Sisi hatusemi hivyo. Mwenye chumba kimoja Huruma anayetaka kitanda bora, jiko lisilo na moshi na viatu vya mwanawe visivyovuja, anataka haki yake. Tunachokipinga si kununua. Tunapinga kuambiwa kwamba maisha yake hayajaanza mpaka anunue. Hilo "mpaka" la tangazo ni kinyume cha "mpaka" wa mchongoano: moja hutufungulia jambo la muhali ili tucheke, jingine hutufungia la leo ili tungoje.

Pingamizi la pili ni kwamba tunaipamba dhiki. Tutaambiwa: nendeni kwenye jalala la Dandora, kisha mje kutusimulia uzuri. Tunaukubali mwaliko. Jalala hilo, lililoanza kutumiwa katika miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, nalo likaendelea kupokea taka za jiji kwa miaka mingi baada ya hapo. Pale ndipo kila tangazo linapokwenda. Pakiti ndogo za sabuni na mafuta, zile za bei ya kadogo zilizouzwa kama neema kwa mwenye kipato cha siku, huishia pale zikiwa na maneno yake yote matamu bado yakisomeka. Moshi wake huvutwa na watu wale wale waliolengwa na bango. Mhakiki anayedai kwamba tangazo ni matini hana budi kuisoma matini hiyo hadi ukurasa wa mwisho, na ukurasa wa mwisho uko Dandora.

Washairi wetu wa kale hawakuukwepa ukurasa huo. Mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliitazama Pate iliyokuwa na fahari ikawa magofu. Hakuitazama kwa kuiponda tu. Alizitaja taa na vidaka vya majumba yale kwa jicho la mtu aliyeujua uzuri wake, na kwa sababu hiyo onyo lake lina nguvu hadi leo. Anayetaka kuzikosoa mbwembwe za Nairobi na ajifunze kwake kutazama kwanza.

Wajibu wa idara zetu

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, tangazo lisifundishwe tena kama tanzu ya fasihi simulizi mpaka litakapofundishwa pamoja na majibu ya wale waliolengwa nalo: dhihaka, upinduaji wa maneno, nyimbo za watoto. Pili, mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya Sheng asianzie kwenye bango wala redio. Aanzie kwenye mchongoano wa jioni, mchango wa matanga na kibanda cha maneno ya ukutani, naye aandike nani alisema, nani alijibu, na nani alicheka. Tatu, wahakiki wanaotumiwa na kampuni kama washauri wa lugha waseme hivyo waziwazi wanapotuandikia kuhusu "ushindi wa lugha ya wanyonge", ili msomaji ajue ni nani aliyemlipa mshangiliaji.

Haya ya mwisho yatawaudhi baadhi ya wenzetu, na ni heri yawaudhi. Tumedai kwamba chuku isiyojibiwa si fasihi. Tungekuwa wanafiki kama tungetaka maneno yetu yapokewe kwa kimya. Mwenzetu anayeona kwamba tumelionea tangazo, au kwamba tumeyatia chumvi mema ya Kaloleni na Dandora, zamu ni yake. Kurasa za jarida hili zi wazi.